Matone Hayataki Haraka
Katika uuguzi, dawa ya matone hudharauliwa kuliko sindano, ingawa kwa maoni yangu ndiyo inayodai mkono uliotulia zaidi. Baada ya kuhakikisha jina la mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati, muuguzi hunawa mikono. Tone la jicho hudondoshwa ndani ya kope la chini lililovutwa taratibu, wala si juu ya mboni, na ncha ya chupa haigusi chochote. Kisha kona ya jicho iliyo karibu na pua hubanwa kwa dakika 1 au 2 ili dawa isiteremke puani na kuingia katika damu. Kama kuna matone ya aina ya pili, husubiriwa dakika 5, na marhamu huja mwisho.

Matone baridi ya sikio huleta kizunguzungu, kwa hiyo chupa hupashwa viganjani. Sikio la mtu mzima huvutwa juu na nyuma, la mtoto wa chini ya miaka 3 chini na nyuma.

Vidonge vinavyoachia dawa polepole havisagwi, hata mgonjwa akishindwa kumeza; hapo daktari huombwa dawa mbadala. Dawa ya ngozi hupakwa kwa glavu, maana ngozi ya muuguzi nayo hufyonza.