Siku moja maishani mwangu: maneno 300 ya riwaya kabla ya daladala la Mtumba

Riwaya hii inatembea Ugogo, nchi ya Wagogo, kuanzia 1910 reli ilipofika Dodoma hadi miaka ya Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920: majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikomba nafaka, ng'ombe na wapagazi, mvua nazo zikakosa. Rasimu ya kwanza nimeipangia maneno 80,000. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano za wiki, ni wiki 53 na siku kadhaa. Leo ni Jumatano, sura ya 14.

Saa 11:00 alfajiri. Simu imelala sebuleni. Kinachofunguliwa kwanza ni kaunta buku la kwaya mbili, ukurasa wa jana, chini kabisa, penye mistari minne: tarehe, dakika, maneno, nilipoishia. Mstari wa nne ndio wenye thamani. Jana unasema: "Sechelela amefika kisimani, hajajua kibuyu kinavuja."

Kisha nasoma aya mbili za mwisho, basi. Ukirudi mwanzo wa sura, dakika ishirini zimekwenda, na mkono utaanza kusahihisha. Hapo ndipo kazi ndefu nyingi zinapofia: sura ya kwanza imeng'arishwa mara ishirini, sura ya tano haijazaliwa. Aya mbili zinatosha kurudisha sauti ya msimulizi sikioni.

Saa 11:10. Dakika 50 za kalamu. Naandika kwa mkono kwa sababu daftari halina mahali pa kuchungulia ujumbe, na umeme ukikatika halijali. Kujua idadi bila kuhesabu neno moja moja, hesabu maneno ya mistari kumi, gawanya kwa kumi, zidisha kwa mistari yote. Kwa mwandiko wangu ukurasa mmoja ni kama maneno 210, kwa hiyo ukurasa na nusu ndio fungu la siku.

Nikikwama kwenye jambo nisilolijua, naweka alama ## na kuendelea. "Debe la mtama lilikuwa ## siku hizo." Ukisimama kutafuta bei, utasoma kuhusu bei hadi kuche. Alama hiyo haitumiki kwingine kokote, hivyo kwenye kompyuta ukiitafuta zote zinajitokeza.

Tatizo la kuandika vipande vipande kwa mwaka mzima ni kwamba nyakati za vitenzi huteleza. Kila asubuhi mtu huanza upya na -li-, na ukurasa unageuka taarifa ya mkutano: "Sechelela alifika kisimani. Aliinama. Alichota maji. Aliinuka." Kiswahili kina dawa yake: -li- ifungue, -ka- ivute, kisha kitu kingine kikate mnyororo kabla haujachosha. "Sechelela alifika kisimani, akainama, akachota, alipoinuka, mgongo ulikuwa umelowa." Sasa kibuyu kinavuja bila mtu kukitaja. Lakini -ka- nayo ikizidi nne au tano mfululizo, msomaji anasikia mwendo tu, haoni mahali. Hapo napenda kuingiza -ki-, mtu akifanya hiki huku kile kikiendelea.

Saa 12:00. Kalamu chini, hata kama sentensi inayofuata iko tayari kichwani. Hasa kama iko tayari: hiyo ndiyo kuni ya kesho.

Saa 12:40. Daladala. Humo siandiki, nasikiliza namna watu wanavyokatizana.

Saa 7:00 mchana. Baada ya ugali na mlenda, dakika 15 za kufuta ## moja. Moja tu. Leo ni askari aliyesimama stesheni mwaka 1918. Rasimu imemfanya wa Kijerumani, nayo Dodoma ilishachukuliwa na Waingereza Julai 1916. Anabadilishwa.

Makosa ya aina hii huzuiwa na jedwali la kurasa mbili nyuma ya daftari. Upande mmoja wahusika: jina, mwaka wa kuzaliwa, kilema, anavyosalimia, sura aliyotajwa mara ya mwisho. Sechelela kazaliwa 1904. Ana miaka 6 reli inapofika, 14 mwaka 1918, na bila jedwali angebaki mtoto wa kubembelezwa sura nzima. Upande wa pili majira: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, Agosti ni upepo na vumbi. Ukimpitisha mhusika kwenye majani mabichi mwezi Agosti, msomaji wa Bahi au Kongwa hatakuamini tena hata unaposema kweli.

Saa 2:00 usiku. Kuchapa. Maneno 300 ni kama dakika 20. Hapa narekebisha nyakati na majina, hadithi siigusi. Faili linaitwa sura14_rasimu1 na halibadilishwi jina hadi sura iishe. Majina kama "mpya" na "mpya_kabisa" ndiyo yanayomfanya mtu afute toleo zuri. Nakala zinakaa kwenye kompyuta na kwenye flashi, na kila Ijumaa moja inatumwa kwa barua pepe yangu mwenyewe. Umeme ukikatika na betri imekwisha, ukurasa unapigwa picha kwa simu, kuchapa kunasubiri.

Siku zikiruka, deni halilipwi. Aliyekosa Jumatatu na Jumanne akataka kuandika 900 leo atachoka, na kesho atakosa tena. Leo ni 300 zilezile, kalenda ndiyo isogee. Zikipita siku zaidi ya tano, siku ya kurudi haina neno jipya: nakili kwa mkono ukurasa wa mwisho ulioandika, neno kwa neno, ufunge daftari. Inaonekana kazi bure, ila mkono unakumbuka mwendo wa sentensi mapema kuliko kichwa, na kesho yake sauti imerudi.

Saa 2:30 usiku. Mistari minne ya leo: Jumatano. Dakika 50. Maneno 310. Sechelela kasema "Mbukwa", salamu ya Kigogo, mlangoni kwa babu, hakuna aliyeitikia.