Duka limepata jina

Jamani, kutafuta jina la duka la mtandaoni ni kazi ngumu kuliko kutafuta mtaji! Nauza vikapu na mikeka. Jina nililolipenda nikakuta mtu keshalisajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), jingine, kule Instagram limekaliwa na akaunti isiyo na hata picha moja (inaudhi hiyo!). Shangazi akataka niweke jina langu, nikakwepa kiaina. Nikabaki na Ukindu. Ni fupi, na mteja akilisikia kwenye simu analiandika bila kuuliza. Nilimjaribu bodaboda wa hapa kijiweni: kalichapa sawasawa kwa kidole gumba, helmeti kwapani. Anwani ya tovuti ya .co.tz nayo ilikuwa wazi, nikalipia usiku uleule. Sasa nembo: zambarau au rangi ya majani makavu? Nisaidieni.