Makrobiotiki ilivyonikubali nilipofika kwa mtama

Nakula kwa njia ya makrobiotiki, ulaji uliotoka Japani wa nafaka nzima na mboga, mwaka wa pili sasa, hapa hapa Kayole, Nairobi, na bado nina uchungu na aliyenianzisha. Tumbo ndilo lililonipeleka huko. Kila jioni gesi, choo kwa taabu, na ikifika saa tisa mchana usingizi unaniangusha kazini. Daktari alinipima, hakuona ugonjwa, akasema nibadili chakula. Nibadili vipi, hakusema.

Mwalimu wa darasa fulani la afya akanipa orodha: mchele wa kahawia, miso (soya iliyosagwa na kuchachushwa), mwani wa Japani. Nyanya, viazi, sukari, maziwa na nyama, marufuku. Mfuko mmoja mdogo ulinimalizia elfu nne na kitu. Kisha akaniambia nikitaka nafuu ya haraka nile mchele mtupu siku kumi, na maji nipunguze.

Lishe hiyo ipo kweli. George Ohsawa, Mjapani aliyeeneza makrobiotiki, alizipanga lishe zake kwa namba, na namba 7 ni nafaka peke yake. Siku mbili za kwanza nilijiona mwepesi. Siku ya sita nikashuka matatu Muthurwa, magoti yakalegea, nikaushika mkokoteni wa muuza miwa nisianguke. Kijana wa watu akanikalisha juu ya kreti, akanikatia kipande. "Mama, umekula leo?" Nilikuwa nimekula bakuli mbili. Ule muwa niliufyonza mpaka makapi. Baadaye ndipo nikasoma kwamba mwaka 1965 kuna msichana Marekani aliyefariki baada ya kushikilia lishe ya mchele kwa miezi. Hilo mwalimu hakulitaja, na silisamehe.

Lakini sikuitupa makrobiotiki, kwa sababu nilikwenda kuitafuta falsafa yenyewe. Ohsawa aliichukua kwa Sagen Ishizuka, daktari wa jeshi la Japani, na msingi mmoja wapo unasema mwili na udongo si vitu viwili: kula kinachoota unapoishi, kwa msimu wake. Nilisoma hapo mara tatu. Mwani ni wa aliye karibu na bahari ile. Mimi udongo wangu una wimbi, mtama, kunde, terere na njahi! Hata hizo yin na yang, nguvu mbili zinazopingana ambazo chakula hupimwa kwazo, zikaanza kueleweka: sukari inalegeza upande mmoja, nyama na chumvi zinabana upande wa pili, nafaka nzima inakaa katikati, ndiyo maana inachukua nusu ya sahani au zaidi. Na nyanya? Inakatazwa pamoja na jamii yake yote, na managu, yaani mnavu, ni ya jamii hiyo hiyo, ila mwalimu alikuwa ameniruhusu managu. Basi nikaamua mwenyewe. Managu nakula.

Taabu ilikuwa gesi ya kupikia, maana mtama mzima unachemka mpaka mtungi unalia. Nilichofanya, nilinunua kikapu cha mkonge, nikakizungushia ndani blanketi kuukuu, nikashona mto wa kufunikia. Mtama unalala majini usiku kucha. Jioni ya pili nauchemsha dakika ishirini hivi kwenye sufuria nzito, maji yakiwa mara tatu yake, kisha naitia sufuria kikapuni ikiwa bado inatokota, kifuniko kisifunguliwe hata mara moja. Ukichungulia umeharibu. Alfajiri punje zimepasuka, laini, na sufuria bado inachoma vidole. Naichemsha tena kidogo, basi. Njahi pia naipika hivyo, ila hiyo ichemke zaidi kwanza. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, ya mtama inanisukuma karibu wiki mbili.

Kutafuna ni mara hamsini kila tonge. Anza na thelathini, taya zitauma. Na usikubali kuambiwa nafaka na mboga zinatosha kabisa: vitamini B12 haimo humo. Mimi nakula omena na yai, na kwa daktari bado naenda.

Gesi ya tumbo iliisha kama mwezi wa pili. Usingizi wa saa tisa ulikawia zaidi, ukaondoka nilipoacha sukari kwenye chai. Ule mwani bado uko kabatini, nusu pakiti.