Hiyo ld-linux iache ilipo

Wale mnaoniletea laptop za Linux pale Mwanjelwa, hii yenu. Umeshusha programu mpya, mfumo wako wa zamani, ukiiwasha inalia GLIBC_2.34 haipo, yaani inataka toleo la 2.34 la glibc, laibrari kuu inayotegemewa na karibu kila programu ya Linux, basi mtu anakopi glibc ya mshkaji wake wa chuo anaibandika juu ya yake. Jamani.

Iko hivi, komandi karibu zote unazopiga, ls, cp, mv, mpaka sudo, zinategemea laibrari za pembeni, na ndani ya kila moja imeandikwa njia ya linka (ndo hiyo ld-linux, kazi yake kuunganisha programu na laibrari zake), kwa mashine za kawaida za biti 64 ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, keneli (kiini cha mfumo) inamuita huyo kwanza, yeye ndo anapakia libc (faili kuu la glibc) na wenzake, programu inafuata. Linka na libc lazima viwe vya toleo moja la glibc. Ukibadilisha kimoja tu umezima kompyuta nzima kasoro keneli.

Na inazima kijanja sasa. Bash (hiyo inayopokea komandi zako) uliyoifungua ishakaa kwenye memori kwahiyo bado inakuitikia, cd na echo zinapiga kazi maana ziko humohumo ndani yake, ila kama linka kaondolewa pale, ukipiga ls unaambiwa faili hakuna, wakati ls ipo palepale, kisichokuwepo ni linka! Sudo nayo haiwaki. Hapo terminali usiifunge, hasa kama ushakuwa root, yaani mwenye mamlaka yote ya mfumo. Kama linka ulimbadilisha jina tu, mwite kwa njia yake mpya umpe /bin/mv ajirudishe mwenyewe, maana linka anaweza kuwashwa pia kama programu. Ikishindikana tafuta busybox ya statiki, programu moja yenye ls, cp, mv na wenzake ndani, hiyo haimtegemei mtu. Huna? Basi ni kubuti na fulashi, na kama huna ISO (faili la kuwekea mfumo) bando litakukomesha.

Halafu usalama. Huyu linka anatangulia hata kwenye programu zinazowaka na nguvu za root, ndo maana mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Qualys walipotangaza Looney Tunables, CVE-2023-4911, watu walihaha: kosa la linka kusoma GLIBC_TUNABLES (mipangilio ya glibc ambayo mtumiaji anaweza kuiweka mwenyewe), mtumiaji wa kawaida anageuka root. Na kosa lenyewe liliingia na hiyohiyo 2.34 mnayoililia. Sasa wewe unaokota linka kwenye fulashi ya mtu, umejuaje kilichomo?

Ukiweza apgredi mfumo mzima. Ukishindwa weka glibc mpya kwenye folda yake huko /opt, tumia patchelf kuielekeza programu hiyo moja tu, au itie kwenye konteina, chumba chake pekee chenye laibrari zake. Ikigoma, imegoma yenyewe, ls yako iko salama.