Sikio lililia usiku kucha, hivi ndo nilivyoishusha sauti ya hedfoni

Jamani yeyote anayewaambia vijana watie mafuta ya moto sikioni naomba aache. Mimi nilitiwa. Sikio lilikuwa linalia iiiii, taa zikizimwa ndo linazidi, na kila niliyemwambia alikuja na lake, mara nta imejaa, mara tia kitunguu swaumu, mara litanyamaza lenyewe.

Nilipopimwa usikivu nilifungiwa kwenye kachumba kimya kabisa, ukisikia "pii" unabonyeza kitufe. Nikabonyeza weee, halafu pakawa kimya, nikajua kipimo kimeisha. Kumbe pii zinaendelea, mimi ndo sizisikii. Daktari akanionyesha mchoro, mstari unakwenda vizuri tu ukifika karibu na hezi 4000, kwenye sauti nyembamba, unadumbukia. Akasema shimo la hapo mara nyingi ni la kelele, na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Nina miaka 22, nililia pale pale.

Kelele yangu mimi ilikuwa hedfoni, watu wakasema achana nazo kabisa. Niliacha siku 5, ya 6 nikarudi na hasira zote. Nikamuomba dada yangu aweke kikomo cha sauti kwenye setingi za simu, namba ya siri abaki nayo yeye. Asubuhi safi, lakini nikipanda basi injini inaunguruma, watu wanaongea, wimbo sisikii kitu, nikaanza kumpigia dada nipe namba mara moja tu, dada nakuomba, mpaka akachoka akanipa. Ikafa hivyo.

Ndo nikagundua kinachonipandishia sauti ni kelele ya nje! Zile raba za hedfoni zangu zinazoingia sikioni zilikuwa ndogo, sikio halizibi. Kwenye boksi kulikuwa na raba kubwa sijawahi hata kuzigusa. Unavuta sikio juu kidogo kwa mkono wa pili, unaizungusha raba taratibu mpaka usikie dunia imenyamaza, na kabla hujaweka muziki sikiliza, kama maneno ya jirani bado unayapata vizuri basi haijakaa, toa urudie. Basi lile lile, nimetoka asilimia 90 mpaka 45 na kila neno la wimbo nalisikia! Kuvuka barabara lakini vua, usifanye mchezo.

Shirika la Afya Duniani wanasema sauti ya desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) mwisho saa 40 kwa wiki, ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Hizo 4 mimi nilikuwa nazimaliza kwa siku moja.

Mlio bado upo ila umepungua, usiku nawasha feni nasinzia. Juzi mdogo wangu kakaa pembeni yangu, wimbo wake wote nausikia mimi, nikamvua hedfoni nikambadilishia raba hapo hapo.