Leo tumefika Nicodemus, Kansas

Jamani, nimeona mahali leo.

Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani weusi, wengi kutoka Kentucky, watu waliotoka utumwani si muda mrefu. Mbuga tupu, nyasi na upepo. Miti ya kujengea ilikuwa haba, basi wakachimba makao ardhini.

Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika 1878. Mumewe akamwonyesha: kijiji kile pale!

Akatazama. Hakuona nyumba.

Moshi tu, unafuka kutoka ardhini.

Akaangua kilio.

Nimesimama pale na mwanangu mgongoni, upepo unatupiga, machozi yakanilengalenga. Safari yote ile, na watoto, halafu moshi! Na bado akabaki.

Nyie mliohamia mbali na kwenu, siku ya kwanza macho yenu yaliona nini? Niambieni.