Shahada ya historia na kazi zisizoitwa historia

Kila nikieleza kwamba nilisoma historia chuo kikuu, ninaulizwa nafundisha shule gani. Sifundishi, ingawa ualimu ni kazi ninayoiheshimu, na kwa aliyesomea historia pamoja na elimu ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote. Ninawaandikia wale waliosoma historia bila ualimu, ambao hupekua matangazo ya ajira, wasione neno "mwanahistoria" popote, wakaamini kwamba wamepoteza miaka mitatu.

Matangazo hayo yasomwe kwa kuangalia majukumu, si cheo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walianza kukusanya masimulizi ya wazee katika maeneo yaliyopigana vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi hiyo humtaka mtu amwache mzee aseme mpaka amalize, apambanue alichokiona na alichosimuliwa, kisha alinganishe maelezo yake na ya jirani na yale ya majalada ya Wajerumani. Ustadi huohuo ndio anaoutafuta mhariri wa habari za uchunguzi, shirika linalotathmini mradi kijijini, na hata wakili anayefuatilia mgogoro wa shamba uliorithiwa kutoka kwa mababu.

Kazi iliyo karibu zaidi na somo letu ni ya nyaraka. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyomo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na hati za Kiarabu za Zanzibar zikafuata mwaka 2003. Tatizo ni kuzisoma: Wajerumani wa enzi ile waliandika kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo, asipofunzwa, humshinda. Anayeumudu mwandiko huo, au anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hushindana na watu wachache sana. Mimi nililitambua hilo nimechelewa. Chuoni nilichagua kozi kwa kufuata wahadhiri wasiobana alama (nakiri), na Kijerumani nimekianza ukubwani, jioni, baada ya kutoka masijala, katika ofisi ambako nilikuta mafaili yamepangwa kwa rangi za majalada yake.

Hata masijala ina sharti lake, kwani nafasi nyingi za serikalini hudai cheti au stashahada ya utunzaji kumbukumbu, ambayo hutolewa na Chuo cha Utumishi wa Umma. Utalii nao unawahitaji watu wanaoweza kuyaeleza magofu ya Kilwa Kisiwani kwa ushahidi, badala ya kubuni hadithi za majini.

Kwenye wasifu wako, basi, usiishie kuandika "Shahada ya Historia". Taja majalada uliyoyapitia, wazee uliowahoji, lugha unazozisoma na kurasa za tasnifu uliyoiandika peke yako.